Segovia: Gwiji wa gitaa aliyeacha utumbo wa kondoo akachagua nailoni

VITA huwanyima watu mkate, mafuta na usingizi. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilimnyima Andrés Segovia kitu ambacho wengi hawangekidhania kuwa adimu: utumbo wa kondoo.

Kufikia mwaka wa 1944, Mhispania huyu aliyekuwa na umri wa miaka 51 alikuwa ndiye mpiga gitaa mashuhuri kuliko wote katika muziki wa kumbi za heshima. Alikuwa akitumbuiza New York na katika miji mingine ya Marekani, na tikiti za maonyesho yake hazikukosa wanunuzi. Hata hivyo, kila alipopanda jukwaani alikuwa na wasiwasi. Uzi mmoja ukikatika, hakuwa na hakika ya kupata mwingine wa kuurithi.

Nyuzi tatu nyembamba za gitaa lake zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo uliosafishwa, ukasokotwa na kuanikwa hadi ukakauka. Zile tatu nene, za besi, zilikuwa za hariri iliyozungushiwa waya mwembamba. (Jina la Kiingereza la nyuzi hizo hutaja paka, lakini paka hana hatia wala mchango wowote katika habari hii.) Utumbo uo huo ndio uliotumiwa na madaktari wa upasuaji kushonea majeraha, na katika miaka hiyo majeraha yalikuwa mengi mno. Isitoshe, nyuzi bora zilikuwa zikitoka Ujerumani na Italia, nchi zilizokuwa zikipigana na Marekani. Mwanamuziki alikuwa wa mwisho katika foleni.

Ili kuelewa ni kwa nini jambo hili lilimtia hofu mtu ambaye hakuwa mwepesi wa kuogopa, ni muhimu kurudi nyuma hadi kusini mwa Uhispania, mwishoni mwa karne ya 19.

Segovia alizaliwa mnamo Februari 21, 1893 katika mji wa Linares, jimbo la Jaén, eneo la Andalusia. Angali mtoto mchanga, wazazi wake walimkabidhi kwa mjomba wake na mkewe wamlee. Yeye mwenyewe aliandika baadaye katika kitabu cha maisha yake kwamba alilia sana siku hiyo, na mjomba, kwa kukosa mbinu nyingine, akamwimbia huku akijifanya anapiga gitaa ambalo halikuwapo. Mtoto alinyamaza.

Somo lake la kwanza la muziki halikuwa la gitaa bali la fidla, na lilimshinda upesi. Mwalimu wake alikuwa mkali na mwepesi wa kumfinya mtoto kila alipokosea. Alipohamia Granada ndipo alipolivamia gitaa kwa dhati, na hilo halikuipendeza jamaa yake. Katika Uhispania ya wakati huo, gitaa lilikuwa chombo cha vilabu vya pombe, vinyozi na wacheza ngoma za flamenco. Kijana wa familia yenye kujiheshimu alitarajiwa achague piano au fidla, au bora zaidi achague sheria. Segovia hakuwa na mwalimu. Alijifunza kwa kujisomea na kwa kuiba ujuzi wa wengine kwa macho na masikio, na maisha yake yote alijigamba kwamba alikuwa mwalimu na mwanafunzi katika nafsi moja, wala hawakugombana.

Mnamo 1909, akiwa na umri wa miaka 16, alitumbuiza hadharani kwa mara ya kwanza katika Centro Artístico ya Granada. Mwaka uo huo Francisco Tárrega, aliyekuwa nguli wa gitaa nchini Uhispania, aliaga dunia. Wawili hao hawakuwahi kukutana.

Mnamo 1912 kijana huyu aliwasili Madrid akiwa na tamaa kubwa na mfuko mtupu. Alikwenda katika karakana ya fundi Manuel Ramírez, akamwomba amkodishie gitaa zuri kwa ajili ya onyesho, kama vile wapiga piano wanavyokodisha piano. Ombi hilo lilikuwa la ajabu na waliokuwepo walicheka. Lakini Ramírez alipomsikiliza akipiga, alimpa gitaa lile aende nalo, amlipe kwa njia nyingine isiyokuwa pesa. Segovia alizunguka nalo ulimwenguni kwa takriban robo karne.

Nia yake ilikuwa moja, nayo ilionekana kama wazimu. Alitaka gitaa lisikike katika kumbi kubwa zilezile ambamo watu walikwenda kusikiliza piano na okestra. Alipokwenda Barcelona na kutaka kutumbuiza katika ukumbi wa Palau de la Música Catalana mwaka wa 1916, hata wenzake walimshauri asijiaibishe. Gitaa, walisema, ni la sebuleni. Katika ukumbi ule sauti yake ingefia safu ya tatu. Miguel Llobet, mwanafunzi wa Tárrega na msanii mpole ambaye Segovia alimheshimu, alikuwa miongoni mwa waliokuwa na shaka. Segovia aliingia ukumbini, akapiga sauti moja moja huku akiwatuma watu wakae nyuma kabisa wasikilize. Walisikia. Onyesho lilifanyika.

Hapo ndipo suala la nyuzi linapoingia, kwa kuwa gitaa kavu halina msaidizi. Halina umeme wala kipaza sauti, na Segovia alivikataa vyote viwili hadi kufa kwake. Nguvu yote hutokana na uzi unaotikisika, ukatikisa daraja lililogundishwa juu ya ubao mwembamba, nao ubao ukaitikisa hewa. Uzi ukiwa mnene kupita kiasi, sauti huwa nzito na huzimika haraka. Ukiwa mwembamba mno, sauti hulia kama mbu. Ukikazwa zaidi ya uwezo wake, hukatika.

Uzi wa utumbo ulikuwa na sauti tamu, na wengi waliousikia wanaamini kwamba haujapata mshindani. Ila ulikuwa na kasoro tele. Kwanza, hakuna kondoo wawili wenye utumbo sawa. Uzi mmoja ungeweza kuwa mnene upande huu na mwembamba upande ule, na hapo mpigaji angeulinganisha vizuri ukiwa wazi lakini akiubonyeza katikati utoe sauti iliyopotoka. Mwanamuziki alinunua nyuzi nyingi, akazijaribu moja baada ya nyingine, akatupa zaidi ya alizobakisha. Pili, utumbo hunywa maji kutoka hewani. Siku ya unyevunyevu hulegea au kuvimba. Siku ya ukavu hujikaza na kupasuka. Anayelijua joto la Mombasa mwezi wa Machi anaweza kukisia hali ya uzi wa namna hiyo jukwaani, chini ya taa, mikononi mwa mtu anayetoka jasho.

Tatu, utumbo haupatani na kucha. Kucha huuchanachana hadi ukatoa nyuzinyuzi kama kamba ya katani iliyochakaa. Jambo hili lilikuwa chanzo cha ubishi mrefu miongoni mwa wapiga gitaa wa Uhispania. Tárrega katika miaka yake ya mwisho alikata kucha na kupiga kwa nyama ya ncha za vidole, akapata sauti laini, ndogo na safi. Emilio Pujol, mwanafunzi wake, aliishika njia hiyo na kuitetea kwa maandishi. Segovia aliikataa katakata. Alitumia kucha na nyama kwa pamoja, kwa sababu bila ukucha hakuna nguvu, wala hakuna ile tofauti ya rangi za sauti, mara kali kama tarumbeta, mara nyororo kama zumari, ambayo ilikuwa alama yake. Kwa hiyo alikuwa amechagua mkono ambao uliziharibu nyuzi zake mwenyewe. Gharama ya uchaguzi huo aliilipa kila wiki.

Lakini je, hakukuwa na nyuzi nyingine? Zilikuwepo. Chuma kilikuwa tayari madukani, tena bei yake ilikuwa nafuu na hakikukatika ovyo. Na kulikuwa na msanii mmoja mkubwa aliyekichagua.

Agustín Barrios, mzaliwa wa Paraguay wa mwaka wa 1885, alitumia nyuzi za chuma katika maonyesho yake kote Amerika Kusini, na ili kupunguza ukali wa mlio wake alizivisha vipande vidogo vya mpira karibu na daraja. Katika nchi za joto na unyevu alizozunguka kwa miongo kadhaa, mara nyingi mbali na duka lolote la muziki, ni vigumu kumlaumu. Wawili hao walikutana Buenos Aires mnamo 1921 na Barrios akampigia mgeni wake tungo zake. Inasimuliwa kwamba Segovia baadaye alizikejeli nyuzi zile kwa kuzifananisha na waya wa ua. Lililo dhahiri ni kwamba kwa muda wote wa maisha yake marefu hakurekodi hata utungo mmoja wa Barrios, ingawa sasa tungo hizo zinahesabiwa miongoni mwa bora zilizowahi kuandikwa kwa ajili ya gitaa.

Ni vigumu kuamini kwamba chuki hiyo ilihusu mlio peke yake. Nyuzi za chuma zilikuwa za wapigaji wa mitaani na mashambani, na Segovia alikuwa ametumia ujana wake kuliondoa gitaa huko. Alitaka liketi meza moja na fidla, nayo fidla wakati huo ilikuwa bado na nyuzi za utumbo. Kwake, kukubali waya kungekuwa kukiri kwamba waliomcheka kule Madrid walikuwa na haki. Barrios alifariki mjini San Salvador mnamo 1944, katika mwaka uleule ambao mwenzake alikuwa akihangaika New York kutafuta nyuzi.

Kabla ya hapo Segovia alikuwa amepata karibu kila alichokitaka. Mnamo Aprili 1924 alitumbuiza Paris kwa mara ya kwanza, na miongoni mwa wasikilizaji walikuwemo watunzi Paul Dukas na Manuel de Falla. Mwaka uo huo alikwenda Munich, Ujerumani, ambako fundi Hermann Hauser alilichunguza gitaa la Ramírez na kuanza safari ya miaka mingi ya kujaribu kulipita. Hauser alimpelekea Segovia magitaa kadhaa, na kila moja lilirudishiwa maoni. Lile la 1937 ndilo Segovia aliloliona kuwa kilele cha ufundi, akalitumia kwa miaka 25.

Kuanzia 1927 alirekodi santuri kwa kampuni ya HMV. Rekodi hizo, zilizoendelea hadi 1939, ndizo zinazomwezesha msikilizaji wa leo kusikia nyuzi za utumbo zikiwa mikononi mwa mtu aliyezijua. Ubora wa kurekodi ni wa zamani, mikwaruzo imejaa, lakini uzi wa kwanza una joto na mng'ao ambao haufanani na wa rekodi zake za baadaye. Januari 1928 alitumbuiza New York. Alikuwa pia akiwasihi watunzi waliandikie gitaa muziki, nao wakaitikia: Federico Moreno Torroba na Joaquín Turina nchini Uhispania, Manuel Ponce wa Mexico, Heitor Villa-Lobos wa Brazil. Mnamo 1935 alipiga Chaconne ya Bach mjini Paris, utungo uliotungiwa fidla na ambao wahakiki walidhani ni kufuru kuugusa kwa gitaa.

Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Uhispania. Segovia alikuwa akiishi Barcelona na mkewe, mpiga piano Paquita Madriguera. Walikimbia. Hatimaye waliweka makao Montevideo, Uruguay, na kutoka huko akaendelea kuzunguka Amerika Kusini. Msimamo wake wa kisiasa, ambao haukuwa wa upande wa jamhuri, uliwaudhi wengi na ulichangia kufunga baadhi ya milango Marekani kwa miaka kadhaa. Ilikuwa 1943 ndipo aliporudi huko kwa nguvu.

Na hapo ndipo alipokutwa na uhaba.

Alivyosimulia mwenyewe baadaye, siku moja alikuwa akilalamikia dhiki hiyo mbele ya jenerali mmoja Mwingereza aliyekuwa katika ubalozi wa nchi yake nchini Marekani. Afisa huyo aliahidi kumtafutia. Baada ya muda alimletea nyuzi ambazo Segovia hakuwahi kuziona: zilikuwa za nailoni, na zilitoka kwa mtu wa jamaa ya Du Pont, wenye kampuni kubwa ya kemikali.

Nailoni ilikuwa bado ni kitu kipya. Ilibuniwa mnamo 1935 katika maabara za kampuni hiyo na kundi lililoongozwa na mwanakemia Wallace Carothers, na ilipoanza kuuzwa kwa umma kama soksi za wanawake mnamo 1940, maduka yalifurika. Vita vilipoingia, karibu yote ilichukuliwa na jeshi kwa ajili ya miavuli na kamba. Hakuna aliyeifikiria kwa ajili ya muziki.

Segovia alizijaribu zile nyuzi. Hazikuwa kamilifu, kwa kuwa hazikutengenezwa kwa ajili ya gitaa. Mlio wake ulikuwa na ukali fulani wa madini. Lakini zilishika sauti, hazikuchanika kwa ukucha, na unyevu haukuzisumbua sana. Mtu mwingine mwenye umri wake na jina lake angezirudisha ndani ya bahasha na kuusubiri mwisho wa vita. Yeye alianza kutafuta fundi.

Fundi huyo alikuwa Albert Augustine, mhamiaji kutoka Denmark aliyekuwa akitengeneza magitaa New York. Augustine naye alikuwa amekwama kwa uhaba uleule. Kwa mujibu wa masimulizi ya mkewe, Rose, aliupata uzi wa nailoni katika duka lililouza mabaki ya bidhaa za jeshi katika mtaa wa Greenwich Village. Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, kitu kile hakihitaji maelezo: ni mshipi, kama ule anaoufunga mvuvi kwenye ndoana.

Hata hivyo, mshipi si uzi wa gitaa. Mvuvi hajali iwapo unene wake umetofautiana kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho, na samaki hajali zaidi. Mpiga gitaa anajali, kwani tofauti ndogo mno ya unene hupotosha sauti. Augustine alihitaji nailoni iliyonyooka na kusawazishwa kwa vipimo vyake, na kuipata ilimbidi aishawishi Du Pont. Wakuu wa kampuni hiyo hawakuamini kwamba wapiga gitaa wangeukubali mlio huo. Augustine aliwaandalia jaribio. Waliyasikiliza magitaa bila kuambiwa lipi lina nyuzi zipi, wakaombwa wachague lenye sauti nzuri zaidi. Walilichagua la nailoni. Baada ya hapo kampuni ikamuunga mkono.

Segovia alizijaribu nyuzi za Augustine katika hatua mbalimbali, akizikosoa kama alivyomkosoa Hauser. Zile nyembamba hazikuwa tatizo kubwa. Kazi ngumu ilikuwa nyuzi za besi, ambazo msingi wake wa hariri ulibadilishwa ukawa nyuzinyuzi nyingi za nailoni zilizozungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Mnamo 1948 nyuzi hizo zilianza kutengenezwa kwa ajili ya soko, na picha ya Segovia ikawa inaonekana kwenye pakiti.

Katika muda wa miaka michache tu, utumbo uliokuwa umetawala kwa karne nyingi ulitoweka kwenye magitaa ya aina hiyo. Ni mara chache katika historia ya muziki ambapo uamuzi wa mtu mmoja umewaamulia wengine wote kwa kasi kama ile. Wapo waliobadili kwa kuwa nailoni ilikuwa bora. Wapo waliobadili kwa kuwa Segovia alibadili, na huenda hao ndio waliokuwa wengi. Kijana wa Tokyo, London au Caracas ambaye hakuwahi kumwona alinunua pakiti yenye sura yake, akafuga kucha, akauweka mkono wake kama yeye.

Hasara pia ilikuwepo. Nailoni ni nyepesi kuliko utumbo, kwa hiyo ili kupata sauti ileile uzi hauna budi kuwa mnene zaidi. Kwa uzi wa kwanza, wenye unene wa takriban milimita 0.7, hilo halidhuru. Kwa uzi wa tatu, unaofika milimita moja na ushei, mlio huwa mzito na kama uliofunikwa blanketi, na kila mwanafunzi wa gitaa hadi leo hulalamikia uzi huo bila kujua kwamba anaulalamikia uamuzi wa miaka ya arobaini. Watengenezaji wa baadaye walitafuta dawa yake katika nyuzi ziitwazo za kaboni, ambazo ni nzito na hivyo huweza kuwa nyembamba. Hizo nazo, kwa kichekesho cha historia, ni za jamii moja na mishipi ya wavuvi.

Hasara nyingine ilikuwa ya wale wasiotumia kucha. Mtindo wa Tárrega na Pujol ulifaa juu ya utumbo, ambao una mkwaruzo kidogo unaoshikwa na nyama ya kidole. Nailoni huteleza. Ubishi ule wa kucha haukuamuliwa kwa hoja. Ulizimwa na kiwanda.

Uchaguzi wa Segovia ndio pia uliotenganisha kabisa koo mbili za gitaa kavu ambazo mnunuzi wa leo huzikuta dukani zikining'inia pamoja. Moja ni ya nyuzi za nailoni, yenye shingo pana na ubao mwepesi. Nyingine ni ya nyuzi za chuma, ambayo ndani yake imetiwa mbao za kuiimarisha. Tofauti yake si ya ladha tu. Nyuzi sita za nailoni, zikikazwa ipasavyo, huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 40. Nyuzi za chuma, hata zile nyepesi, huvuta kwa zaidi ya kilo 70. Anayefunga chuma kwenye gitaa la nailoni kwa kutaka mlio mkubwa au kwa sababu ndizo alizozipata, asishangae daraja liking'oka au ubao ukifura tumbo. Anayefunga nailoni kwenye gitaa la chuma hatavunja kitu, ila atapata mnong'ono. Barrios alijua anachokifanya. Alikuwa na magitaa yaliyostahimili na masikio yaliyojua pa kupunguza. Wengi hawana vyote viwili.

Miaka 40 ya mwisho ya Segovia ilikuwa ya ufalme. Kuanzia 1950 alifundisha katika Accademia Chigiana mjini Siena, Italia, na kuanzia 1958 huko Santiago de Compostela. Wanafunzi kama vile Alirio Díaz wa Venezuela, Oscar Ghiglia wa Italia na John Williams, mzaliwa wa Australia, walitoka mikononi mwake wakaja kuwa magwiji. Hakuwa mwalimu mpole. Aliyethubutu kuziweka vidole mahali tofauti na alipoagiza aliaibishwa mbele ya wenzake. Gitaa la umeme aliliona kuwa chukizo, na hakuficha. Mnamo 1958 alipata tuzo ya Grammy, na mnamo 1981 Mfalme Juan Carlos alimpa cheo cha Markisi wa Salobreña, jambo ambalo lingemshangaza sana mjomba aliyempigia gitaa la hewa.

Aliendelea kutumbuiza hadi mwaka wa kifo chake. Waliomhudhuria akiwa na miaka 80 na zaidi walisimulia jinsi ukumbi wa watu zaidi ya elfu mbili ulivyokaa kimya kwa namna isiyo ya kawaida, kila mmoja akizuia kikohozi, kwa kuwa mzee yule mnene mwenye miwani mizito hakutaka kuongezewa sauti. Kimya hicho kilikuwa sehemu ya chombo chake kama vile nyuzi zenyewe. Segovia aliaga dunia mjini Madrid mnamo Juni 2, 1987, akiwa na umri wa miaka 94. Mwaka mmoja kabla, gitaa la Ramírez na lile la Hauser yalikuwa yamekabidhiwa Jumba la Makumbusho la Metropolitan mjini New York.

Kufikia wakati huo Barrios alikuwa ameanza kufufuka. John Williams alitoa mnamo 1977 santuri nzima ya tungo zake, na dunia ikauliza alikokuwa amefichwa. Tungo hizo Williams alizipiga kwa nyuzi za nailoni.

Albert Augustine alifariki mnamo 1967. Rose aliichukua kampuni na kuiendesha mwenyewe hadi alipofariki mnamo 2003, na nyuzi zake zingali zinauzwa.